Wiki Niliyomiliki Wiski ya Mzee Ruben

Wewe unayeanza kazi ya kuhudumu vinywaji, weka simu chini kidogo unisikilize. Najua chuoni wamekufundisha kubeba trei kwa mkono mmoja na kutamka majina magumu ya divai. Ni vizuri, yatakusaidia. Mimi sikupita chuoni. Kazi hii niliisomea katika ukumbi wa Wayahudi katikati ya jiji, na katika nyumba zao za Muthangari na mitaa ya jirani, na kwa miaka yote hiyo sikumeza hata tone moja. Kanisa letu la Mountain View halitaki pombe. Kuna watu waliomchekelea mke wangu, Mama Kioko, kwamba ameolewa na mtu wa baa aliyeokoka. Yeye aliwajibu kwamba fundi wa majeneza si lazima afe.

Siku moja utaitwa uhudumu kwa watu ambao kwao kinywaji kina sheria zake. Usiogope. Sheria zina sababu, na ukiijua sababu, sheria yenyewe hutaisahau kamwe.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Were, mhudumu mkuu wa ukumbi ule, mtu mrefu aliyetembea polepole hata wageni wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Jioni yangu ya kwanza nilikuta divai imepangwa mezani, nikachukua kizibuo nikaanza kuzungusha. Nilitaka kuonekana mtu wa kazi.

"Mutiso," akaniita kwa sauti ya chini, "hiyo chupa iweke vile uliikuta."

"Nimekosea nini, Mzee?"

"Bado. Lakini ulikuwa karibu."

Akanivuta kando, akanieleza kwamba divai yao hufunguliwa na kumiminwa na mikono yao wenyewe. Mimi naweza kubeba katoni, naweza kupeleka chupa iliyofungwa hadi mezani, naweza kuosha glasi. Ikishafunguliwa, nikae mbali nayo. Nikiigusa au kuimimina, wale wanaoshika dini hawatainywa.

Sitakudanganya, niliumia. Nilidhani mkono wangu umeonekana mchafu. Mzee Were aliona, akaniuliza kama kwetu Ukambani hakukuwa na pombe ya mababu. Ilikuwepo. Nikiwa mdogo nilimwona nyanya yangu akimwaga uki, pombe yetu hiyo, kidogo chini, penye jiwe fulani nyuma ya nyumba, kabla wazee hawajaonja. Hakumruhusu mtu yeyote mwingine ashike kibuyu kile.

"Sasa ungekuja wewe na kibuyu chako umwagie miungu mingine," Were akasema, "yeye angeinywa iliyobaki?"

Asingeinywa. Hapo nikaelewa. Zamani za kale divai ilimwagwa mbele ya sanamu, na Wayahudi wakajiwekea ukuta: divai iliyopita katika mikono ya mtu wa dini nyingine, hawajui imemwagiwa nani. Ukuta umebaki hata baada ya sanamu kuondoka. Halikuwa jambo la uchafu wa mkono wangu.

Kuna mlango katika ukuta huo, na wewe mhudumu ujue mlango ulipo. Divai iliyochemshwa wakati wa kutengenezwa, yeyote anaweza kuimimina, kwa kuwa divai ya namna hiyo haikufaa kwa sadaka. Huandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo ukipewa karamu, kabla ya kugusa kizibuo muulize mwenye shughuli: imechemshwa au haijachemshwa? Swali hilo moja limeniokoa mara nyingi. Bia na wiski hazina mambo hayo. Hizo mimina tu.

Hayo ni ya divai. Ijumaa jioni utaona baba wa nyumba akijaza kikombe mpaka kifurike, aombe juu yake kuikaribisha Sabato, ambayo kwao huanza jua likitua. Usikimbie na kitambaa. Kufurika ndiko wanakokutaka, ni dua ya baraka tele. Kazi yako ni kuweka kisahani chini ya kikombe mapema, maana doa la divai nyekundu kwenye kitambaa cheupe halitoki hata ukilipigia magoti. Na kuna sikukuu yao ya Purimu, ambapo watu wenye heshima zao huvaa nguo za kuchekesha na kunywa, na ni dini inayowaambia wanywe, hadi mtu achanganye kumlaani adui na kumbariki rafiki. Nilimwona daktari wa meno amevaa gauni la mkewe akihutubia mtungi wa maua. Siku hiyo weka maji kila meza, leta chakula kabla ya kuombwa, na funguo za magari zikusanywe mlangoni wageni wanapoingia. Ukingoja wakati wa kutoka, umechelewa.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya Pasaka, na ya Mzee Ruben.

Mzee Ruben alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu, mjane, akiishi Muthangari katika nyumba yenye vitabu vingi kuliko viti. Nilikuwa nikimhudumia akiwa na wageni. Sasa, wakati wa Pasaka yao, Myahudi hali chachu kwa siku nane, na zaidi ya kutokula, haruhusiwi hata kuwa nayo. Mkate unatoka, biskuti zinatoka, bia inatoka. Na wiski pia inatoka, kwa sababu imetengenezwa kwa shayiri iliyochachushwa, nayo kwao ni chachu kama mkate. Divai inabaki, kwa kuwa zabibu si nafaka. Usiku wa kwanza kila mtu hunywa vikombe vinne vya divai kukumbuka walivyotoka utumwani.

Mkate utaumaliza au utauchoma. Lakini mtu mwenye kabati zima la wiski nzuri atafanyaje? Anaiuza. Anamuuzia mtu asiye Myahudi, kwa karatasi ya rabi yenye sahihi, kwa malipo ya kwanza, na pembe ya stoo yenye kabati inakodishwa kwa mnunuzi. Sikukuu ikiisha, anaomba kuinunua tena. Wengi wanaosikia hucheka wakisema ni mchezo. Si mchezo. Mnunuzi akitaka kuja katikati ya wiki afungue kabati anywe, ni haki yake. Akikataa kuuza tena, amekataa, na hakuna wa kumlaumu.

Kwa miaka mingi mnunuzi wa Mzee Ruben alikuwa Were. Aliporudi kwao Siaya kupumzika, zamu ikaniangukia.

"Mutiso," Mzee Ruben aliniambia siku ile, karatasi iko mezani, "wewe si mtu wa kunywa. Umeelewa unanunua nini?"

"Nimeelewa, Mzee. Wiski, konyagi ya nafaka, na katoni moja ya bia."

"Na kuanzia kesho asubuhi ni ya nani?"

"Yangu."

"Sema tena, na usitabasamu."

Nikasema tena bila kutabasamu. Akanipa ufunguo mkononi. Ndani ya kabati lile kulikuwa na chupa moja iliyosimama peke yake rafu ya juu. Aliinunua siku mjukuu wake Talia alipozaliwa, aifungue siku ya arusi yake. Na arusi ya Talia ilikuwa imepangwa mwezi wa Juni mwaka huohuo. Nikamuuliza kama hiyo aitoe kwanza aipeleke kwa jirani. Akakataa. Chachu ni chachu, akasema, na ukianza kuchagua cha kuuza na cha kubakisha, hujauza kitu.

Mwaka huohuo jina langu lilikuwa limependekezwa niwekwe mzee wa kanisa. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo muda mrefu, na Mama Kioko alikuwa ameshanishonea suti. Basi katika kikundi chao cha akina mama, katikati ya mazungumzo, akatania kwamba wiki hii mumewe ana wiski nyingi kuliko baa zote za Kangemi. Walicheka sana. Kicheko hicho kilitembea mpaka kwa Mzee Nzioka, mwenyekiti wa wazee wetu.

Alikuja nyumbani Ijumaa Kuu baada ya ibada, akapewa chai, akaishikilia bila kuinywa.

"Mutiso, nimesikia neno. Sitaki kulibeba kwa watu kabla sijakuuliza wewe."

"Uliza, Mzee."

"Ile pombe iliyo kwa Mhindi wako."

"Myahudi."

"Myahudi wako. Ni yako, ama si yako?"

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, chachu, karatasi, ufunguo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Mzee Nzioka hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na akili yake ilikuwa imenolewa huko.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa sikiliza. Kama ni yako, basi imwage, kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kuwa na kabati la pombe. Na kama si yako, basi umetia sahihi uongo, na ukamfanya mtu wa Mungu adhani ametimiza sheria yake na hajatimiza. Chagua moja. Jumapili tutakuuliza mbele ya wazee wote."

Akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, akaaga.

Mama Kioko alilala amenigeuzia mgongo kwa aibu ya mdomo wake, mimi nikatazama dari. Kijana, jaribu mwenyewe uone. Nikisema ni yangu, niimwage, na pamoja nayo ile chupa ya Talia. Nikisema si yangu, nimemdanganya mzee wa watu katika sikukuu yake takatifu. Nilitafuta njia ya tatu kwa muda mrefu, na kila niliyoipata ilikuwa moja ya zile mbili imevaa koti.

Kesho yake ilikuwa Sabato yao. Nikangoja jua litue, nikaenda Muthangari. Mzee Ruben alikuwa anakula ile mikate yao mikavu ya Pasaka, inayolia kama kadibodi ikivunjwa. Nikamwambia yote. Nilitegemea aseme, "Mutiso, tafadhali usimwage." Ningeshika neno hilo kama kamba.

Akapangusa makombo kwa kiganja, pole pole.

"Siwezi kukuambia kitu."

"Mzee, ni chupa ya Talia."

"Ilikuwa. Nikikuambia usimwage, nimeishika tena kama yangu, na mimi katika siku hizi sina wiski. Kitu si changu, nitatoa amri namna gani?" Akayatia makombo kwenye sahani. "Ufunguo unao. Sinki iko pale nyuma ya stoo. Nitakuwa huku mbele nasoma."

Akainuka, akaenda sebuleni, akafunga mlango ili asinione. Nilisikia kiti kikilia alipokaa. Sikusikia ukurasa ukifunuliwa.

Nikafungua kabati. Nilizitazama zile chupa, na kwa mara ya kwanza nikaziona kama mtu anavyoona mali yake. Awali nilikuwa nikisema "ni yangu" kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoijua. Sasa mwenyewe wa zamani alikuwa amekaa chumba cha pili nyuma ya mlango aliojifungia, na hakuna wa kunizuia. Nikaishika ile ya Talia. Ilikuwa na vumbi begani. Nikaipangusa kwa leso, kwa mazoea ya kazi, nikairudisha mahali pake lebo ikitazama mbele, nikafunga. Nilipopita sebuleni Mzee Ruben hakuniuliza, nami sikumwambia. Tulitakiana usiku mwema.

Jumapili tukakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, wazee upande mmoja, mimi na Mama Kioko upande wa pili, suti mpya mwilini.

"Mutiso," Mzee Nzioka akaanza, "ile pombe ni yako, ama si yako?"

"Ni yangu."

Wengine wakaangaliana. Nadhani walitarajia nianze kuzunguka.

"Umeimwaga?"

"Sijaimwaga."

"Utaimwaga lini?"

"Sitaimwaga, Mzee. Kama ni yangu kweli, ni mimi wa kuamua. Mimi siinywi na sitampa mlevi. Nimeamua ikae imefungwa. Sikukuu ikiisha, yule mzee akitaka kuinunua, nitamuuzia."

"Na ukifa usiku wa leo, itakuwa ya nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Ya Mama Kioko," nikasema.

"Mimi nitaimwaga," Mama Kioko akadakia, "tena asubuhi na mapema."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata Mzee Nzioka alilazimika kuvua miwani. Alipoivaa tena akawa ameshaamua.

"Umenijibu sawasawa. Uongo hukusema, na nitakutetea mtu akisema ulisema. Lakini mzee mwenye kabati la wiski siwezi kumsimamisha mbele ya watu, hata kama hainywi. Jina lako litasubiri."

"Nimekubali," nikasema. Na nilikuwa nimekubali kweli. Niliumia kwa ajili ya suti zaidi.

Usiku sikukuu ilipokwisha nilikuwa Muthangari tayari kwa kazi ya kurudisha vyombo vya kila siku, vile vilivyofungiwa Pasaka ilipoingia. Mzee Ruben alisimama mbele yangu, mikono nyuma, kama mteja anayeogopa bei.

"Bwana Mutiso, nasikia una wiski. Unauza?"

"Inategemea, Mzee. Kuna chupa moja rafu ya juu ambayo nimeanza kuipenda."

Uso wake ukabadilika rangi. Nikamwonea huruma, nikatoa ufunguo. "Nauza yote. Sharti langu ni moja. Mwaka ujao tafuta mnunuzi mwingine. Kanisa limenishinda."

Alifungua kabati mwenyewe, akaiona chupa ya Talia iko pale. Akasimama mbele yake bila kuigusa.

"Nilidhani umeimwaga," akasema. "Sikulala. Nilijiambia, Ruben, kama umeuza kweli, huna la kulilia. Halafu nikalia." Akacheka kidogo. "Miaka yote nimeuza wiski, Mutiso. Mwaka huu ndio nimejua nimeuza."

Juni Talia akaolewa. Divai ya arusi haikuwa ya kuchemshwa, kwa hiyo baba zake wadogo ndio waliomimina, nami nikawafundisha pale pale namna ya kuzungusha kiwiko mwisho wa kumimina ili tone lisianguke. Walilowesha kitambaa hata hivyo. Lakini wiski haina sheria hiyo. Mzee Ruben aliniita mbele ya watu wote, akanipa ile chupa, akasema hakuna mtu mwingine atakayeimimina. Nikamimina kidogo kidogo ifike kwa wote. Wakainua glasi wakatakiana uhai, kama kawaida yao. Mimi niliinua soda ya tangawizi.

Aliyenirithi ununuzi ni Harjit, Kalasinga mwenye duka la vyuma River Road, rafiki wa Mzee Ruben tangu ujana wao. Huyu hana kanisa la kumuuliza, na wiski anaijua vizuri.

"Na nikiinywa yote, Ruben?" akauliza siku ya kutia sahihi.

"Ni yako," Mzee Ruben akasema, akimsogezea kalamu.

"Hata hiyo mpya ya bei kali uliyoiweka kule juu?"

"Nimesema ni yako."

Katikati ya wiki Harjit alikwenda kweli, akafungua kabati, akanywa glasi moja akiwa amesimama kwenye stoo, akafunga akarudi dukani. Mzee Ruben alinipigia simu kunieleza, na furaha aliyokuwa nayo ni kama amepata mjukuu mwingine. Mimi wakati huo nilikuwa kanisani nikigawa viti. Suti ilikuwa imenibana kidogo, lakini walikuwa wameniweka mzee wa kanisa.

Kwa hiyo kijana, katika kazi hii watu watakukabidhi vitu: stoo, bohari ya vinywaji, sahani za mama mzaa chema. Pengine nawe utaombwa kununua chachu ya mtu kwa siku nane. Kubali ukitaka, ni heshima kubwa. Ila usitie sahihi kwa kuelezwa tu. Omba ufunguo kwanza, fungua kabati kwa mkono wako, tazama kila rafu, halafu muulize mwenyewe atafanya nini ukikataa kumrudishia. Akikujibu kwamba hatafanya kitu, tia sahihi.